Kava Siyo Bei! Huyu "Mtaalamu wa Santuri" Anatupiga Mchana Kweupe

Wadau wangu, leo sina ubuyu wa nani kamwacha nani. Leo nina hasira.

Kuna kaka mmoja hapa mjini, jina simtaji, mnamjua wenyewe. Yule aliyetoka kwenye muziki akaingia kwenye mitindo, mitindo ikagoma, na sasa hivi ni "mtaalamu wa vitu vya kale". Ukuta wa sebuleni kwake umejaa kava za santuri za rock, taa za rangi, gramafoni ya sanduku pembeni, na kila Jumapili anaenda laivu: "Una santuri za babu au bibi zinakula vumbi? Nitumie picha ya kava, nikupe bei hapo hapo."

Na watu wanatuma! Anaangalia picha sekunde tatu. "Hii elfu kumi." "Hii elfu saba." "Hii haina kitu mama yangu, ila naweza kukusaidia kuitoa hapo nyumbani, nakupa buku tano." Mioyo inaruka kwenye skrini, watu wanaandika moto moto moto.

Tuambiane ukweli. Hakuna mtu duniani, awe London awe Tokyo, anayeweza kukupa bei ya santuri kwa picha ya kava ya mbele. Hayupo. Akikwambia anaweza, ni mawili: hajui kitu, au anajua na anakupiga. Huyu wetu kwa jinsi nilivyomfuatilia ana yote mawili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana leo siwezi kunyamaza.

Tuanze na ile ya Queen maana ilivuma sana. Aliuza A Night at the Opera, albamu ya mwaka 1975, kwa laki nane. Mnunuzi ni dada mmoja aliyekuwa anatafuta zawadi ya mchumba wake. Hadithi iliyopambwa ni kwamba santuri hiyo "iliachwa Zanzibar na familia ya Freddie Mercury siku walipoondoka". Komenti zikajaa vilio. Wengine mkaandika "historia yetu jamani".

Haya, historia yetu ni hii. Freddie Mercury kweli ni mtoto wa Zanzibar, kazaliwa huko Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Hilo halina ubishi. Familia yake iliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Bendi ya Queen imeundwa 1970. Albamu yao ya kwanza imetoka 1973. Sasa nielewesheni mimi niliyeishia form four: familia iliyoondoka 1964 iliachaje nyuma santuri ya 1975? Waliiota?

Na siyo hilo tu. Simamisha video yake pale anapoigeuza kava haraka haraka. Nyuma kuna bakodi, ile mistari ya dukani. Chini yake kuna anwani ya tovuti, www kabisa. Mwaka 1975! Bakodi kwenye kava za LP zilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 70 zikazoeleka miaka ya 80, na hizo www mnajua wenyewe zilikuja lini. Kile kitu ni toleo la marudio, limechapwa juzi juzi tu, na pengine halijamaliza hata miaka kumi.

Mnielewe vizuri. Kununua toleo la marudio siyo dhambi, linapiga muziki vizuri na kwa mtu wa kusikiliza tu linatosha kabisa. Dhambi ni kuliuza kama urithi. Halafu hata lingekuwa toleo la kwanza halisi la Uingereza, lile lenye namba EMTC 103, lenye nembo iliyoinuka kwenye kava mpaka ukipitisha kidole unaisikia, nakala ya kawaida inauzwa kwa makumi ya paundi tu. Kwa nini? Kwa sababu iliuzwa kama maandazi! Nakala zimejaa Uingereza nzima. Kitu kilichojaa hakigeuki adimu eti kwa sababu mwimbaji ni wa nyumbani.

Queen ambayo watu wanatoana macho ni nyingine kabisa. Mwaka 1978 kampuni ya EMI ilipata tuzo ya mauzo ya nje, ikatengeneza sahani ndogo ya Bohemian Rhapsody yenye rangi ya bluu, nakala 200 tu, kila moja na namba yake. Wimbo ni ule ule ambao kila mtu anao kwenye simu. Ila zipo 200. Hiyo ndiyo inauzwa kwa maelfu ya paundi. Mnaona tofauti? Bei haiangalii wimbo, haiangalii hata umri. Inaangalia ni chapa gani, zilitoka ngapi, zimebaki ngapi, na hiyo yako ina hali gani. Kuna santuri za 1960 huwezi kuziuza hata kwa bei ya soda, na kuna za 1977 zinanunua gari. Sex Pistols walisainiwa na A&M Machi 1977, wakafukuzwa ndani ya siku chache, na sahani yao ya God Save the Queen iliyokuwa tayari imechapwa, kama 25,000 hivi, ikaharibiwa karibu yote. Chache zilizopona zina bei ya wazimu. Wimbo huo huo wakautoa kwa kampuni nyingine miezi miwili baadaye, na hiyo ya pili utaipata kirahisi tu.

Sasa unajuaje unayo ipi? Hapa ndipo kaka yetu hataki mfike, maana mkifika hapa biashara yake imekufa.

Toa sahani kwenye kava. Itazame ile lebo ya katikati. Halafu angalia ule mduara mtupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo, pale sindano inapozunguka bila kutoa kitu. Iweke kwenye mwanga, iinamishe kidogo. Utaona namba na herufi zimechongwa au kugongwa. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha santuri. Kava inaweza kubadilishwa, santuri ya mwaka mmoja ikavalishwa kava ya mwaka mwingine, lakini namba za pale huwezi kuzivua.

Kwa santuri zilizochapwa Uingereza na EMI, yaani The Beatles, Pink Floyd, Queen wenyewe, mchezo ni mtamu kweli. Ile namba ndefu ukiiweka upande wako wa chini, kushoto utakuta tarakimu ndogo na kulia herufi moja, mbili au tatu. Hizo herufi ni namba zilizofichwa. Wametumia neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, D ni 0. Kwa hiyo ukikuta G peke yake, sahani yako imegongwa na muhuri wa kwanza. Ukikuta RA, ni muhuri wa 23. Muhuri ukitumika sana unachakaa, ndiyo maana watu wanazitafuta zile za mwanzo. Mimi siku niliyofundishwa hili na mzee mmoja muuza santuri nilikaa na sahani zake mpaka giza likaingia nikizisoma kama barua.

Ila usikurupuke ukadhani kila kitu ni kutafuta namba 1. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, 1973, namba SHVL 804, toleo la kwanza la Uingereza linasomeka A-2 upande mmoja na B-2 upande wa pili. Na lebo yake ina pembetatu iliyojazwa bluu. Baadaye wakaibadilisha, pembetatu ikabaki mistari tu. Kava ni ile ile kwa mbele! Picha ya mbele ya zote mbili ukimtumia kaka yetu atakupa bei moja, wakati mtu mwenye pembetatu ya bluu, na yale mabango mawili na stika mbili zilizokuwa ndani, ameshika kitu cha mamia ya paundi kikiwa safi.

Please Please Me ya The Beatles, 1963, ndiyo usiseme. Za mwanzo kabisa lebo ni nyeusi na maandishi ya dhahabu. Ndani ya miezi michache tu Parlophone wakahamia lebo nyeusi na njano. Kava haikwambii. Na kama ni ya dhahabu halafu ni stereo, namba PCS 3042, siyo mono PMC 1202, hapo tunaongelea maelfu ya paundi, kwa sababu mwaka 1963 waliokuwa na mashine za stereo Uingereza walikuwa wachache. Led Zeppelin ya kwanza, 1969, angalia rangi ya maandishi ya kava: Uingereza zilianza na samawati ya kijani, zikaja za rangi ya chungwa. Kwa hiyo ndiyo, mara moja moja kava inasema kitu. Lakini inasema kwa anayejua anachokitafuta, na bado lazima utoe sahani uhakikishe.

Tena kuna kava inayodanganya kabisa. Juni 1966 Capitol ya Marekani walitoa Yesterday and Today ya The Beatles na picha ya vijana wamevaa makoti ya mabucha, wameshika nyama na vichwa vya midoli. Makelele yakawa mengi, wakazirudisha. Badala ya kuchoma zote, nyingine wakabandika picha mpya juu ya ile ya mabucha na kuzirudisha madukani. Kwa hiyo kuna watu wana kava ya kawaida kabisa, vijana na sanduku la safari, na chini yake kuna picha inayotafutwa na dunia nzima. Utaijua kwa kuangalia kulia kwa sanduku, kwenye sehemu nyeupe, ukiona kivuli cha pembetatu nyeusi. Hiyo ni shingo ya sweta la Ringo inapenya. Haya niambieni, kwa picha ya simu yenye mwanga wa jikoni, sekunde tatu, utaiona hiyo?

Halafu hali. Kaka yetu hagusi kabisa suala la hali! Wenzetu wana madaraja, gazeti la Goldmine la Marekani ndilo liliyoyazoesha: Mint, Near Mint, VG+, VG, inashuka hivyo. VG kwa kawaida inahesabiwa kama robo tu ya bei ya Near Mint. Robo! Yaani mikwaruzo inakula robo tatu ya hela yako. Na huku kwetu pwani kuna joto linalopinda sahani, kuna unyevu unaootesha ukungu kwenye kava. Santuri zisimamisheni kama vitabu, msizilaze moja juu ya nyingine, na mbali na dirisha. Yeye kwenye video anazifuta kwa spiriti. Zile nzito za zamani za kasi ya 78, zinazovunjika kama sahani ya udongo, nyingi ni za shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki. Niliona anaifuta moja nikafumba macho.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Kuna mama mmoja, mjane, mume wake alikuwa baharia. Enzi zile meli ikitia nanga Ulaya yeye anaenda duka la santuri. Wenzake wanarudi na redio na masuti, yeye anarudi na sahani. Kaacha boksi la santuri sitini na kitu. Mjukuu akaona laivu, akatuma picha za kava. Jibu likaja: "Zimepitwa hizi, ni mzigo tu, nawapa laki moja zote." Vijana wake wakaja na bodaboda, wakabeba. Laki moja, gawanya kwa sitini. Haifiki hata buku mbili kwa moja.

Wiki hiyo hiyo baadhi ya santuri zile zikawa ukutani kwake, na bei. Laki mbili. Laki tatu na nusu. "Adimu sana, kutoka Ulaya moja kwa moja." Ile iliyokuwa mzigo Jumatatu, Ijumaa imekuwa adimu!

Na hapa ndipo naposema hawezi hata wizi. Yule mjukuu, kijana mwenye akili, kabla hazijabebwa alipiga picha za kila lebo, mbele na nyuma, na zile namba za kwenye mduara, kwa sababu alitaka kumbukumbu za babu yake. Nimekaa nazo usiku mzima. Nyingi ni za kawaida, siwadanganyi. Kuna za India, zilizochapwa Dum Dum na Gramophone Company of India, zina wapenzi wake lakini hazikufanyi tajiri. Ila kuna moja. Inaweza ikawa nimeitaja hapo juu, inaweza ikawa sijaitaja, sisemi, maana anasoma hapa na nikisema atakimbilia mnadani leo leo. Lebo ni yenyewe, namba ni zenyewe, herufi ni za mwanzo kabisa. Kaka yetu ameiweka ukutani kwa laki mbili, na pembeni yake kulikuwa na ile Queen ya www aliyoiuza laki nane. Anauza dhahabu kwa bei ya bati na bati kwa bei ya dhahabu, na katikati kuna mjane aliyelipwa nauli ya daladala.

Najua povu linakuja. Mtaandika "wivu", mtaandika "biashara ni makubaliano, mama alikubali mwenyewe". Sawa, alikubali. Alikubali kwa sababu aliyemwambia bei ndiye aliyekuwa ananunua. Ukienda kuuza kiwanja, mnunuzi ndiye anakupimia, ndiye anakutathminia, ndiye anakwambia udongo mbaya, utakubali? Yeye anajiita mtathmini. Mtathmini anachukua ada yake anakupa karatasi anaondoka. Akianza kutoa pochi anunue, huyo ni dalali, na dalali msikilize kama dalali. Wengine mtasema vijana wa watu wanatafuta riziki, tusiharibiane. Mbona mzee wangu wa santuri anatafuta riziki ile ile miaka yote, na mtu akimletea boksi anamkalisha, anaitoa moja moja, anamwambia "hii nipe mimi, hii usimpe mtu kwanza, kaulize"? Hana ukuta wa taa. Hana hata simu kubwa.

Na mkitaka bei wenyewe, ingieni Discogs, ni bure. Tafuteni kwa namba ya lebo na zile za kwenye mduara, siyo kwa jina la albamu. Halafu msiangalie bei watu wanazoomba, angalieni zilizokwisha uzwa na hali zilizokuwa nazo. Kuomba hata mimi naweza kuomba milioni mia. Ringo Starr alipouza nakala yake ya The Beatles ya 1968, ile nyeupe, namba 0000001, mnada wa Desemba 2015, ilifika dola 790,000. Tangu siku hiyo kila mwenye ile albamu nyeupe anajiona bilionea. Yako ni namba ngapi? Ilikuwa ya Ringo? Haya, tulia.

Kaka yangu, najua unasoma. Dada wa Queen mrudishie laki nane zake, una wiki hii. Ile santuri ya ukutani ishushe, usiiuze, usiifute kwa spiriti. Mpigie mama. Kama huijui ni ipi, zichukue zote za lile boksi uangalie lebo: kwenye kona yule baharia aliandika jina lake na tarehe kwa kalamu ya wino, na jina la bandari. Mnunuzi wa Ulaya ataona maandishi kwenye lebo, atakukata bei. Lakini jina ni la mume wake, mwandiko ni wa mume wake, na picha zote mjukuu anazo, mpaka mkwaruzo mmoja mmoja.

Wengine mlio na maboksi nyumbani, msitume kava. Wekeni hapo chini kwenye komenti picha ya lebo na zile namba, nitakaa na mzee tuwasomee moja moja. Hatununui.